Unajuaje kama kituo cha daktari wa mtaani kwako ni salama? Mimi nauliza kwanza majibu ya vipimo yakirudi yanapita kwa nani

Msomafaili (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu kidogo, mnivumilie.

Mimi si daktari wala nesi. Nimekaa chumba cha mafaili miaka 12, kwenye vituo vitatu, kimoja cha daktari mmoja na viwili vyenye madaktari kadhaa. Kwa hiyo ndugu na marafiki wakitaka kuhama kituo huniuliza: "Pale pazuri?" Zamani nilikuwa najibu upesi. Pasafi, wana mashine mpya, mapokezi wana adabu, foleni inakwenda. Siku hizi nakaa kwanza, kwa sababu ya jambo lililonipata mwenyewe.

Nilikuwa natibiwa kwenye kituo ambacho kila mtu alikisifu, nami nikiwemo. Sakafu inang'aa, viti laini, daktari anakuita kwa jina. Nikatolewa damu ya vipimo vya kawaida vya mtu wa umri wangu, ikapelekwa maabara ya nje. Dada wa mapokezi akaniambia, "Usipopigiwa simu ujue uko salama." Sikupigiwa, nikafurahi. Miezi minne baadaye nikarudi kwa ajili ya goti, nikamkuta daktari mgeni anashika zamu. Akafungua faili, akapekua, akaniuliza: "Na hii sukari, ulianzishiwa dawa gani?"

Sukari ipi?

Karatasi ya majibu ilikuwa imebanwa nyuma kabisa ya faili. Muhuri wa kupokelewa upo, na tarehe ipo: siku tano tu baada ya kutolewa damu. Saini ya daktari haipo. Yaani maabara walifanya kazi yao, mletaji akaleta, mtu wa masjala (mtu kama mimi!) akapiga muhuri na kuibana. Hakuna aliyeisoma. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu; wangu ulichukua miezi minne kusikika.

Kilichoniuma ni kwamba hata ungetafuta mzembe wa kumnyooshea kidole usingempata. Kila mmoja alifanya kipande chake. Ila hapakuwa na mtu aliyepangiwa kuuliza: tulipeleka damu za watu wangapi, majibu mangapi yamerudi, na mangapi yamesomwa?

Mwaka 1966 Avedis Donabedian, daktari na mtafiti wa ubora wa tiba, aliandika kwamba ubora wa tiba utazamwe kwa pande tatu: vilivyopo (majengo, vifaa, watu na sifa zao), kinachofanyika kwa mgonjwa, na kinachompata mwishoni. Sisi wagonjwa tunatazama upande wa kwanza kwa sababu ndio unaoonekana ukiwa umekaa kwenye benchi. Upande wa tatu kwa daktari wa mtaani ni mgumu kuusoma. Magonjwa mengi ya kila siku yanapona yenyewe, daktari akapata sifa. Na aliyezidiwa mara nyingi anafia hospitali kubwa, lawama zikabaki huko. Unabaki wa katikati, kazi yenyewe inavyokwenda. Huo mgonjwa anaweza kuuona kuliko anavyodhani.

Ndiyo maana siku hizi nina swali moja ninaloanza nalo: "Majibu ya vipimo vyangu yakirudi na mimi sipo, yanapita kwa nani?"

Jibu zuri lina mtu na lina siku ndani yake. "Yote anayasoma daktari wa zamu siku yanapofika, anasaini, na yasiyofika kwa siku saba nesi anapiga simu maabara." Jibu la "daktari ataangalia" ni la wastani, endelea kuuliza. Jibu la "tutakupigia kukiwa na shida", basi, hapo mjue wamekukabidhi kwa bahati.

Nataka wajuzi waongezee. Ninyi mnaangalia nini?

---

Jiwe_la_Kona

Mkuu pole kwa yaliyokukuta, lakini unatutisha bure. Daktari wetu tuko naye miaka na miaka. Wazazi wetu amewatibu, sisi ametutibu, watoto wetu anawatibu. Ukimwita usiku anakuja. Mtaa mzima unampenda. Chema chajiuza. Mambo ya kwenda kuhoji mihuri na saini ni dharau kwa mtu mzima aliyekufanyia wema.

---

Msomafaili

Kaka Jiwe, sijasema daktari wako mbaya. Nasema tu kwamba kupendwa hakupimi usalama. Nitakupa visa viwili vinavyojulikana dunia nzima.

Harold Shipman, daktari wa mji wa Hyde, Uingereza. Wagonjwa walimpenda kwelikweli, alikuwa akienda kuwaona majumbani kwao, na watu walikuwa wakisubiri nafasi ya kuandikishwa kwake. Januari 2000 alihukumiwa kwa kuwaua wagonjwa 15 kwa sindano za dawa kali ya maumivu. Uchunguzi wa serikali uliofuata ulihesabu waliouawa kuwa 215. Kilichomnasa, na hapa naomba watu wa mafaili tupewe heshima yetu, ni pamoja na kumbukumbu. Alikuwa akibadilisha maelezo ya wagonjwa baada ya kuwaua, ili ionekane walikuwa wanaumwa tangu zamani, bila kujua kwamba kompyuta inahifadhi saa na tarehe halisi ya kila badiliko.

Cha pili ni kijiji cha Roka, Kambodia, mwishoni mwa 2014. Zaidi ya watu 200 waligundulika na virusi vya UKIMWI, watoto na wazee kabisa wakiwemo. Aliyekuwa akiwatibu hakuwa na leseni, na alikuwa akirudia sindano. Mwaka uliofuata akafungwa miaka 25. Naye alikuwa kipenzi cha watu, anafuata wagonjwa nyumbani, asiye na pesa anatibiwa kwanza halafu analipa baadaye.

Wawili hawa hawafanani hata kidogo. Mmoja alikuwa muuaji wa makusudi, mwingine mtu wa mazoea mabaya. Ila wote wawili hawakuwa na mtu wa kuwatazama wakifanya kazi. Shipman kwa miaka ya mwisho alikuwa peke yake kwenye kituo chake.

---

Jiwe_la_Kona

Sasa umeniletea muuaji kwenye mazungumzo ya mafua na presha 😂. Haya, na mimi nina la kwangu, maana nimesoma. Norway walifuatilia wananchi karibu wote na madaktari wao wa familia. Waliokaa na daktari mmoja zaidi ya miaka 15, ukiwalinganisha na wa mwaka mmoja, walikuwa na uwezekano wa kufariki uliopungua kwa karibu asilimia 25, na kulazwa kwa dharura nako kulipungua kwa kiasi kinachokaribia hicho. Kwa hiyo kumng'ang'ania daktari mmoja kuna maana yake, si ushamba.

---

Msomafaili

Hapo umenipata, nakubali. Anayekujua anaona mabadiliko ambayo mgeni haoni. Mng'ang'anie, halafu muulize lile swali la vipimo. Kama ni mwema hivyo hatakasirika.

---

Nesi_Mstaafu

Wanangu, shikamooni wakubwa na marahaba wadogo. Nimesoma nikacheka peke yangu, maana mafaili ni kweli, ila mimi nikiingia kituoni macho yangu yanakwenda kwanza kwenye mikono na sindano. Niacheni niseme taratibu.

Mikono. Mwaka 1847 kule Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliwalazimisha madaktari kunawa kwa maji yenye klorini kabla ya kuwagusa wazazi wodini. Aprili walikuwa wakifa zaidi ya 18 kwa kila 100, Juni wakafika kama 2. Wenzake wakamkasirikia. Mpaka leo ukimwambia daktari "samahani, umenawa?" wengine wanakunja uso, kwa hiyo ugomvi ule haujaisha. Wewe tazama tu. Sabuni na maji huchukua sekunde 40 hadi 60 tangu kulowesha hadi kukausha, kitakasa mikono sekunde 20 hadi 30. Na glavu hazichukui nafasi ya kunawa! Nimeona mtu anavaa glavu asubuhi anazunguka nazo, anashika mgonjwa, kalamu, simu, mgonjwa mwingine. Yule analinda mikono yake, hana habari na mgonjwa.

Sindano. Pakiti ifunguliwe mbele ya macho yako, bomba na sindano vyote. Ukiona wanabadilisha sindano tu bomba lilelile linaendelea, ondoka, damu huwa inarudi ndani ya bomba. Tazama pia chupa ya dawa inayochotwa mara nyingi. Ukikuta sindano imeachwa imechomekwa kwenye kizibo chake cha mpira, inasubiri mgonjwa anayefuata, hiyo ni alama mbaya kuliko ukuta uliobambuka rangi. Chupa iliyofunguliwa iwe imeandikwa tarehe. Halafu boksi la kutupia sindano liwe karibu na mkono wa anayechoma, na lifungwe likijaa robo tatu. Likifurika hadi sindano zinachungulia, siku hiyo hakuna msimamizi.

Presha. Wanangu, hiki ndicho kipimo ninachokitumia kumpima mpimaji. Mgonjwa akae atulie dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono umewekwa juu ya kitu usawa wa moyo, kitambaa cha kipimo kinachomtosha kwenye ngozi tupu, na WOTE MNYAMAZE. Kibofu kisiwe kimejaa. Kisha kurudia baada ya dakika moja au mbili. Sasa linganisha na unavyopimwa: umetoka kupanda ngazi, mkono unaning'inia, unaulizwa maswali huku mashine inabana, kitambaa kidogo cha mtu mwembamba kimelazimishwa kwenye mkono mnene. Kila kimoja hapo kinaweza kupandisha namba. Watu wanaanzishiwa dawa za maisha kwa kipimo cha namna hiyo. Kituo kinachopima presha kwa haraka, mengine mengi nayo kinayafanya kwa haraka.

Friji la chanjo ulizia kama una mtoto. Nyuzi 2 hadi 8, na karatasi ya kuandika joto asubuhi na jioni imebandikwa mlangoni. Watu wanaogopa chanjo kupata joto, na ni kweli, lakini za homa ya ini B na pepopunda zinaharibika zikiganda, na ukiitazama chupa hivihivi huwezi kujua. Nikikuta karatasi yenye namba 4, 4, 4, 4 mwezi mzima kwa wino uleule, najua imejazwa siku moja. Friji haliko hivyo.

Vyombo vya kushonea na kutolea meno viingie otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke), siyo kuchovywa kwenye dawa ya kuua vijidudu halafu vikafutwa. Kwa mvuke wa nyuzi 121 ni si chini ya dakika 15 tangu joto lifike hapo, na pakiti iwe na tarehe. Kile kitepe kinachobadilika rangi kinakwambia pakiti ilipata joto, hakikwambii kama joto lilitosha.

Nimechoka, nitarudi.

---

Tuliza_Boli

Mama umenikumbusha nilivyopimwa presha nikiwa nimesimama, nesi anaongea na simu. Naweka kambi hapa.

---

BintiSubira

Asanteni sana, hasa mama yetu Nesi. Swali langu: haya yote nitayaulizaje bila kuonekana mjuaji? Nina mimba ya miezi mitano na kituo ninachokwenda ndicho nitakachomleta mtoto. Nikianza "friji lenu liko nyuzi ngapi" si watanichukia na nitarudi kwao kila mwezi?

---

TabibuWaZamu

Nimepitia uzi wote. Mimi ni daktari, naandika bila jina kwa sababu zinazoeleweka. Nimeshika zamu za kuwapumzisha wenzangu kwenye vituo vingi, kwa hiyo nimeingia majikoni kwa watu.

Dada Subira, nitakujibu chini. Kwanza niseme kitu ambacho wenzangu hawapendi kusikia. Kuna utafiti umefanyika India na kwingineko, wanapelekwa wagonjwa wa kujifanya, wamefundishwa dalili, daktari hajui. Daktari huyohuyo akipewa mtihani wa karatasi kuhusu ugonjwa uleule anajibu vizuri. Akikaa na "mgonjwa" anauliza maswali machache, anaruka vipimo alivyovitaja kwenye karatasi, anaandika dawa zisizohitajika. Kujua anajua, kutenda hatendi. Kwa hiyo vyeti ukutani vinakwambia alichojua siku ya mtihani. Leseni hai ulizia, ni sharti la kwanza na ni swali la dakika moja, lakini usiishie hapo.

La pili ni muda. Mwaka 2017 ulitoka uchambuzi wa nchi 67 kuhusu dakika ambazo daktari wa ngazi ya msingi anakaa na mgonjwa. Chini kabisa Bangladesh, sekunde 48. Juu kabisa Sweden, dakika 22 na nusu. Karibu nusu ya watu wa dunia wanaishi kwenye nchi ambako ni dakika 5 au pungufu. Mimi mwenyewe nimefanya kazi ya dakika 4 kwa mgonjwa na ninajua ninachokiacha. Kwa hiyo usihesabu dakika peke yake; tazama dakika ya kwanza inakwendaje. Mwaka 1984 watafiti Beckman na Frankel walipima muda ambao mgonjwa anaongea kabla ya daktari kumkata kauli: sekunde 18. Utafiti wa 2018 ukakuta 11. Tumezidi kuharibika. Daktari anayekuacha umalize, halafu akauliza "na nini kingine?", hata akiwa na dakika 6 tu, ana nafasi nzuri zaidi ya kulipata tatizo lenyewe.

La tatu ni antibayotiki, na hapa Kaka Jiwe unisamehe. Uingereza walilinganisha vituo vinavyoandika antibayotiki nyingi na vinavyoandika chache. Vinavyoandika chache vilipata alama za chini kwa wagonjwa. Yaani daktari anayekataa kukupa dawa ya bakteria kwa mafua ya virusi anakulinda wewe na mtaa mzima, na wewe unatoka umenuna. Ukiona kituo ambacho hakuna anayetoka bila antibayotiki na sindano, jiulize.

Sasa dada. Usiulize kama mkaguzi, uliza kama mzazi. "Daktari, mtoto akipata homa usiku nifanye nini, na dalili gani nisisubiri asubuhi?" Daktari mzuri atakupa dalili zenye majina: anashindwa kunyonya, anapumua kwa shida, degedege, amelegea haamki vizuri. Mbaya atakwambia "ukiona hali si nzuri njoo". Halafu: "Nina mzio wa dawa fulani, mnaandika wapi?" Utaona kama panaandikwa kwenye jalada au kwenye dirisha la mbele la kompyuta, au anakujibu tu "nitakumbuka". Swali la tatu, muulize nesi, kwa upole, akiwa anaandaa chanjo: "Naruhusiwa kuangalia chupa?" Kwenye chupa nyingi za chanjo kuna alama ya duara lenye mraba ndani. Mraba ukiwa na rangi nyepesi kuliko duara, sawa. Ukifanana na duara au ukizidi weusi, isitumike. Nesi anayejua kazi atafurahi kukuonyesha.

Na mimi nikiingia kituo kigeni natafuta kitu kimoja tu: wana daftari la makosa? Siyo la kuadhibu watu. La kuandika "leo tulikaribia kumpa Fulani dawa ya Fulani kwa sababu majina yanafanana", wakakaa pamoja wakabadilisha utaratibu. Kituo kinachokwambia hakijawahi kukosea, mimi hukiogopa. Kuna dawa inaitwa methotrexate, kwa baridi yabisi inamezwa mara moja KWA WIKI. Watu wamekufa sehemu nyingi kwa sababu mahali fulani, kwenye karatasi au kwenye lebo, iligeuka kuwa kila siku. Aliyeandika mara nyingi hakuwa mjinga. Alikuwa amechoka, na hakukuwa na mtu wa pili wa kusoma.

---

Msomafaili

Dokta, hilo la daftari la makosa limenigusa. Kwenye kituo kimoja nilichofanya kazi tulikuwa nalo. Liliandikwa na wote, mpaka mfagizi. Aliwahi kuandika kwamba taa ya chumba cha dawa imekufa na nesi anasoma lebo kwa tochi ya simu. Ikabadilishwa siku hiyohiyo. Kwenye kingine hatukuwa nalo, na tulijisifu kwamba hatuna matatizo.

---

Kengele_Tatu

Mnasumbuka. Angalieni nyota za intaneti, nyota nne na nusu kwenda juu, mwendo.

---

TabibuWaZamu

Nyota zinapima maegesho, foleni na tabasamu. Hayo nayo yana maana. Mapokezi wakali wanafukuza wagonjwa wanaohitaji kuja. Lakini hakuna anayeweka nyota kwa sababu otoklevu inafika nyuzi 121.

Ukitaka ukaguzi wa maana utazame Uingereza. Tangu Oktoba 2014 tume yao, Care Quality Commission, inavipa vituo vya madaktari wa familia daraja moja kati ya manne, kwa maswali matano: ni salama, tiba yao inafanya kazi, wanajali watu, wanaitikia mahitaji ya watu, na uongozi ukoje. Daraja lazima libandikwe mgonjwa alione. Na madaktari wenyewe, tangu mwisho wa 2012, kila miaka 5 lazima waonyeshe kwamba bado wanafaa kutibu. Kisa cha Shipman ni sehemu ya sababu. Siyo kwamba mfumo hauna mapungufu, mkaguzi anakaa siku moja na kituo kinaweza kujipamba. Ila yale maswali matano unaweza kuyabeba popote ulipo.

---

Nesi_Mstaafu

Nimerudi. Siku ya ukaguzi kila mtu ananawa mikono! Tuliifanya sana hiyo. Mkaguzi mjanja ni yule anayekwenda kutazama sabuni inaisha kwa siku ngapi.

---

Mpita_Mbali

Samahani wakuu, mnaongea kama vile kila mtu ana vituo vitano vya kuchagua. Sisi tuna kimoja. Kingine ni safari ya siku nzima. Nikishagundua friji lao bovu, ndiyo nifanye nini? Nikae nyumbani?

---

Msomafaili

Mkuu Mpita, hili ndilo swali gumu kuliko yote ya uzi huu na sitakudanganya kwamba nina dawa yake. Usikae nyumbani. Ila usidhani kwamba kufika tu kunatosha. Mwaka 2018 kundi la watafiti wakiongozwa na Margaret Kruk walikadiria kwamba kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati watu milioni 8.6 kwa mwaka wanakufa kwa magonjwa ambayo tiba nzuri ingeyazuia. Milioni 3.6 hawakufika kwenye huduma. Milioni 5 walifika, na huduma yenyewe ikawaangusha. Ulipobaki na kituo kimoja, sehemu ya kazi yao ibebe wewe.

Namaanisha hivi. Nunua daftari dogo liwe faili lako. Tarehe, nani kakuona, kasema nini, dawa gani kwa jina lake siyo "vidonge vyeupe", mzio wako ukurasa wa kwanza kwa herufi kubwa. Ukitolewa damu, uliza majibu yanarudi siku gani, andika, na siku hiyo nenda au piga simu hata kama hujaitwa. Omba nakala, piga picha. Usikubali kimya kiwe jibu, hata siku moja. Ukipewa dawa mpya soma ulichoandikiwa kwa sauti mbele yao: "Hii moja asubuhi, hii mbili usiku, nimeelewa sawasawa?" Unawapa nafasi ya kusikia kosa lao bila kuwaita wakosaji.

Kuhusu friji, muwe wengi. Mmoja akiuliza ni msumbufu. Wazazi kumi wakienda kwa mganga mkuu wa kituo kwa heshima na hoja moja, hiyo ni ajenda ya kikao. Na ukiona sindano inarudiwa, hapo hakuna heshima wala subira: kataa, na upeleke taarifa kwa mamlaka inayotoa leseni.

---

Jiwe_la_Kona

Wakuu nimekwenda. Nimemuuliza daktari wetu lile swali la majibu ya vipimo. Hakukasirika. Alinyamaza kidogo, akasema, "Kwa kweli yanakaa kwenye kikapu mpaka nipate nafasi." Akavuta kikapu. Zilikuwemo karatasi za wiki tatu. Tumekaa naye mpaka giza, mimi napanga kwa tarehe, yeye anasoma na kusaini. Watu wawili amewapigia simu palepale.

---

Msomafaili

Kaka Jiwe, ni wawili kati ya wangapi?

---

Jiwe_la_Kona

Arobaini na moja. Kesho narudi, anataka tununue daftari la kuandika zinazotoka na zinazorudi. Nieleze mistari mnaichora vipi.

---

Msomafaili

Mistari sita: tarehe ya kutoka, jina la mgonjwa na namba ya faili, kipimo, tarehe ya kurudi, saini ya aliyesoma, na mgonjwa ameambiwa lini. Kila Ijumaa mtu mmoja, jina lake liandikwe kwenye jalada, anapitia nafasi zilizo wazi. Nakutumia picha ya letu la zamani, majina nimeyafuta.